Petro wa Shelui

Shelui, 3 Juni 2024

Mwalimu Dorkas, shikamoo.

Ni mimi Leonidas Msengi, yule aliyekuwa anapiga kinanda kwenye kwaya ya Kinampanda. Najua ni miaka tisa sijakanyaga huko. Nimeambiwa masikio yako yameziba kabisa tangu mwaka juzi, ndiyo maana sikupiga simu, na meseji nimeambiwa huzipendi kwa sababu herufi za simu ya kitochi ni ndogo. Barua hii nimempa kondakta wa basi la Kiomboi. Amesema ataifikisha mpaka mlangoni kwako.

Mimi nipo Shelui. Nina kibanda cha video nyuma ya maegesho ya malori. Wanaokuja ni madereva, utingo, vijana wa bodaboda, na siku za mnada hata wachunga ng'ombe. Filamu zinakuja na Kichina, Kihindi na Kiingereza. Mimi nakaa pembeni gizani na maiki, natafsiri. Kila mtu kwenye filamu anasema kwa sauti yangu. Jambazi ni mimi, polisi ni mimi, mama anayelia ni mimi. Mke wangu Dina anauza chai na chapati mlangoni. Mama yuko Itigi kwa dada, hajambo.

Sasa kuna jambo. Wiki iliyopita alikuja Mchungaji Godfrey, yule kijana mliyeletewa mwaka jana. Alikaa na watu akatazama filamu nzima ya mateke, mwisho akanifuata. Anasema kanisa linataka kuwafikia watu wa vijiji vya Mkalama ambao hawaingii ibadani, na vijana ambao siku hizi makao yao ni kwenye simu. Wana filamu ya maisha ya Yesu, ila Kiswahili chake ni cha kusomwa, wazee wanasinzia. Anataka niitafsiri kwa Kinyiramba, mbele ya watu, hivyo hivyo ninavyofanya kibandani.

Sijamjibu. Kinyiramba changu ni cha mtu aliyeondoka akiwa kijana. Naweza kugombana kwacho, naweza kununua mbuzi kwacho, ila sijui kama naweza kumsemea Yesu. Mchungaji amesema hakuna anayekijua kukuzidi wewe. Naomba unisaidie maneno. Na naomba uniambie kama ni sawa mimi kuifanya kazi hii. Unajua nilivyoondoka. Nilitengwa kwa kuonyesha filamu kanisani, na leo kanisa lenyewe linaniita nikaonyeshe filamu kanisani.

Mwanafunzi wako,
Leonidas

*

Kinampanda, 10 Juni 2024

Mwanangu Leonidas, marahaba.

Barua yako imefika na doa la mafuta ya chapati kwenye kona, nikajua Dina yupo na anafanya kazi. Mpe salamu zangu.

Ni kweli sisikii. Walianza kupotea ndege, ikafuata kengele, mwisho watu. Sasa nasoma midomo, ila ya Kinyiramba tu, ya mtu anayesema taratibu. Kanisani nakaa mstari wa mbele nimwone Mchungaji Godfrey, lakini yeye akihubiri anatembea huku na huku, kwa hiyo napata nusu ya mahubiri na nusu nyingine najazia mwenyewe.

Kuhusu maneno. Usiende kuyatafuta kwenye kitabu cha nyimbo. Yale yamevaa viatu vya Jumapili. Jiulize mama yako alisemaje alipokuita kutoka malishoni, na alisemaje siku mgonjwa wake alipoamka akaomba uji. Hayo ndiyo maneno. Pale Yesu anapomkuta mwanamke kisimani, usimfanye aseme "nipe maji ninywe" kama askari. Mtu wa kwetu akiwa njiani haombi maji. Anasalimia, anauliza kama mvua ilifika upande huo, kisha anasema koo limekauka. Mwenye kibuyu anajua la kufanya. Nimekuwekea karatasi tatu za maneno kama hayo, tangu kuzaliwa mpaka kufufuka.

Umeuliza kama ni sawa. Ni sawa. Mambo ya zamani yamepita, tuyaache huko.

Nami nina ombi. Lolote utakalosema kwenye filamu, niandikie, maana nitakuwa mtu pekee wa Iramba asiyekusikia.

Mwalimu wako,
Dorkas Kitundu

*

Shelui, 24 Juni 2024

Mwalimu, shikamoo.

Nimekubali. Tunafanya mazoezi asubuhi kabla kibanda hakijafunguliwa. Mchungaji Godfrey anakaa na Biblia magotini, mimi na maiki.

Shida ya kwanza ilikuwa sauti. Kibandani mtu mkubwa wa filamu nampa sauti nzito ya kifuani. Nilimpa Yesu sauti hiyo, Dina akachungulia mlangoni akauliza ni nani huyo anayedai kodi. Basi nikaiacha. Nikajaribu ya upole, ikawa kama ya mtu anayeumwa. Mwisho nimeona nitumie yangu yenyewe, ile ninayozungumza nayo nyumbani. Ajabu ni kwamba kwa miaka yote hii sijawahi kuitumia kwenye filamu hata moja.

Kisimani nimefanya ulivyosema. Anafika, anasalimia, anauliza kama mvua ilifika. Yule mwanamke namfanya ajibu kwa mkato, maana amekuja kuteka maji saa sita mchana peke yake, na anayekwenda kisimani saa hiyo anakwepa wenzake. Anajibu kwamba mvua ilipita juu tu. Ndipo Yesu anasema, na mimi koo limekauka. Mchungaji alifunga Biblia. Akasema ameihubiri sura hiyo mara sita na hakuwahi kufikiri kwamba huyo mama alikuwa mpweke.

Tunaanza Kinyangiri, Jumamosi tarehe 6 Julai. Mzee Chediel atakuwepo kwa niaba ya wazee wa kanisa. Ni yeye aliyesoma barua ya kunitenga, lakini nitakwenda. Wewe umesema ni sawa.

Leonidas

*

Kinampanda, 11 Julai 2024

Leonidas,

Sijui nianzie wapi. Mzee Chediel alikuja jana. Alikaa kwenye kiti changu cha mlangoni akaniandikia kurasa mbili, na mkono wake unavyouma siku hizi hilo si jambo dogo. Anasema umemgeuza mtume Petro kuwa utingo. Anasema kanisa la Kinyangiri lilicheka kama kilabuni, tena katika usiku ule Bwana anaposalitiwa, na kwamba yeye alitoka nje kwa aibu. Wazee wanataka kazi hii isimame.

Mimi nilikutetea kwa Mchungaji, na kwa wazee pia. Nilisema kijana amekua, ataiheshimu kazi. Nilikupa karatasi tatu za maneno, na neno la Petro lilikuwa humo wazi, nililipigia mstari. Kama ulitaka kuchekesha watu ungebaki Shelui na filamu zako za mateke.

Niandikie ulichosema, neno kwa neno.

Dorkas

*

Shelui, 15 Julai 2024

Mwalimu, shikamoo.

Umetaka neno kwa neno. Haya.

Ilikuwa saa tisa alasiri, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Kanisa lilijaa. Walikuja watu ambao mwinjilisti wa pale alisema hajawahi kuwaona ndani, wengine wameshika fimbo zao za ng'ombe. Kisimani, Yesu aliposalimia, bibi mmoja alimwitikia kwa sauti.

Tukafika uani kwa kuhani mkuu. Petro anaota moto. Yule binti anamwambia, wewe nawe ulikuwa naye. Wewe uliniandikia aseme "simjui mtu huyu." Nilikuwa nimekusudia kusema hivyo hivyo. Lakini nilipomtazama Petro, macho yake yanakimbia huku na huku, nilimjua. Namwona kila siku hapa barabarani, askari wakiuliza mzigo huu ni wa nani. Nikasema, "Mimi, dada? Mimi napita tu. Nasubiri gari la Nzega." Watu wakacheka. Mara ya pili nikasema, "Jina lenyewe ndiyo nalisikia kwako sasa hivi." Wakacheka zaidi. Mara ya tatu nikaapa.

Kisha jogoo akawika, na Yesu akageuka akamtazama.

Hapo sikuweza kusema. Petro analia kwenye picha, watu wanasubiri sauti, nami nimeshika maiki tu. Hakuna aliyecheka tena. Kanisa lote lilinyamaza mpaka nikasikia ng'ombe nje. Mzee mmoja mwenye fimbo alivua kofia. Yule bibi wa salamu akasema taratibu, pole baba. Alikuwa anamwambia Petro.

Mzee Chediel alitoka watu walipokuwa wanacheka. Hakukaa mpaka kwenye kimya. Ndiyo maana hakukuandikia habari yake.

Hilo la kwanza. La pili nilikuwa sitaki kulisema. Barua ya kunitenga aliisoma Mzee Chediel mbele ya watu, na sahihi ni yake. Lakini aliyeiandika ni wewe. Mkono huo ndio ulionifundisha kuandika, nitausahauje? Ninayo mpaka leo, ipo ndani ya mfuko wa kinanda. Nilijua kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Nilikuandikia hivyo hivyo, nikidhani huenda utalitaja mwenyewe. Ukasema tuyaache huko. Sawa, Mwalimu.

Nimemwambia Mchungaji Godfrey atafute mtu mwingine.

Leonidas

*

Kinampanda, 29 Julai 2024

Mwanangu Leonidas,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu kulikuwa na jambo la kufanya kwanza, na limenichukua wiki mbili kupata nguvu.

Niliiandika ile barua. Nilikuwa katibu wa baraza. Lakini kuna kubwa kuliko hilo, na wewe hukulitaja, hata ukiwa na hasira, hata siku ile ulipoketishwa mbele ya wazee ukiwa na miaka ishirini na miwili. Kwa hiyo nitalitaja mimi.

Ufunguo wa kanisa ulikuwa kwangu. Ulikuja Ijumaa jioni ukaniomba. Ulisema vijana wa sokoni hawana pa kukaa, unataka uwaonyeshe filamu, kisha uwapigie nyimbo mbili za kwaya waone kama watapenda. Nilikuona una akili kuliko sisi sote. Nikakupa ufunguo kwa mkono wangu, nikakuambia ufagie ukimaliza.

Baraza lilipoketi, Mzee Chediel aliuliza nani alifungua mlango. Wewe ulisema, "Nilifungua mimi." Ilikuwa kweli. Ulinitazama mara moja tu, halafu ukatazama chini. Nami nilikuwa na kalamu, nikaandika kwenye muhtasari: alifungua mwenyewe. Waliponiagiza barua, niliiandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, kana kwamba mwandiko ungepunguza kitu.

Unajua niliogopa nini? Kwamba wataninyang'anya watoto wa shule ya Jumapili. Ndiyo hofu yenyewe, hakuna nyingine. Hakuna aliyenitishia jela wala fimbo. Miaka tisa nimekuwa nasubiri gari la Nzega.

Ukiniuliza kwa nini nilikukaripia juu ya Petro, sasa najua.

Jana kanisani, baada ya matangazo, nilisimama nikasema yote mbele ya watu. Kiziwi hajui kama anapiga kelele au ananong'ona, kwa hiyo sijui walisikiaje. Nilipomaliza niliona midomo mingi inacheza kwa pamoja, sikuambulia neno. Kisha Mzee Chediel akaja mpaka nilipokaa. Alichukua kalamu yangu akaandika nyuma ya bahasha, polepole, kwa ule mkono wake unaouma: "Ufunguo ulikuwa mmoja, Mwalimu. Tulijua."

Akakaa kando yangu. Nikamwandikia chini yake habari ya kimya cha Kinyangiri, kile ambacho alitoka kabla hajakiona. Aliisoma mara mbili, akakunja bahasha akaitia mfukoni.

Sikuombi urudi kwenye filamu. Naomba msamaha wako tu, na hata hilo usinijibu kabla hujawa tayari.

Dorkas

*

Shelui, 8 Agosti 2024

Mama Dorkas, shikamoo.

Mimi ni Dina, mke wa Leo. Hajui kama nakuandikia. Unisamehe mwandiko, nilitoka shule mapema.

Barua yako aliisoma akiwa amesimama kwenye jiko langu, nikaona chapati inaungua naye anaitazama tu. Tangu siku hiyo kibandani anaonyesha mpira tu, kwa sababu mpira hauhitaji mtafsiri. Wateja wananiuliza Leo amepatwa na nini, nawaambia koo. Mimi nilifikiri ana hasira. Lakini huyu mtu akiwa na hasira anaongea, tena sana. Sasa hivi anafua hata nguo ambazo hazijachafuka.

Jana asubuhi alikuwa ananioshea masufuria, nikasikia anasema peke yake. Mimi Mgogo wa Manyoni, Kinyiramba nashika kidogo kidogo. Nikamwuliza anasema nini. Akasema, "Natafuta Yesu alimwambia nini Petro walipokutana tena." Nikamwambia si imeandikwa? Akasema imeandikwa, ila hajui inasemwaje nyumbani.

Mchungaji Godfrey alipita juzi. Hakumshawishi, alikunywa chai tu akasema wazee wamekubali kazi iendelee, filamu itaonyeshwa Kinampanda tarehe 24, awepo wa kuitafsiri au asiwepo.

Nilitaka ujue hayo tu. Kuna karanga kidogo nimempa kondakta.

Dina

*

Shelui, 16 Agosti 2024

Mwalimu, shikamoo.

Nitakuja tarehe 24 na Dina. Tutalala kwako kama kuna nafasi. Siku ya filamu ukae mstari wa mbele, upande wa kulia.

Leonidas

*

Kinampanda, 27 Agosti 2024

Mwanangu Leonidas, na wewe Dina mkwe wangu,

Mmeondoka jana, na leo asubuhi nimepika chai ya watu watatu.

Nakuandikia mambo uliyoyafanya mwenyewe, kwa sababu ulikuwa kazini na hukuona nilichokiona mimi. Siku zote unakaa pembeni gizani, ndivyo ulivyoniambia. Jumamosi ulisimama mbele kabisa, kando ya kitambaa cha picha, ukiwa umewageukia watu. Nilijua kwa nini. Lakini vijana walikuwa wameziba madirisha vizuri mno, nikaona umbo lako tu, mdomo sikuuona. Nikasema moyoni inatosha kwamba amekuja.

Ni Mzee Chediel aliyeinuka. Alikwenda kwenye dirisha lililo karibu nawe akalivuta blanketi likaanguka. Mwanga ulikujia usoni, na ukala nusu ya picha. Vijana walilalamika, niliwaona mikono yao. Mzee aliliokota blanketi akalikunja, akasimama nalo pale pale dirishani mpaka filamu ikaisha. Basi Kinampanda nzima ilitazama nusu ya filamu ili bibi mmoja asome midomo.

Nami nilisoma. Petro alipita tu, alisubiri gari lake, watu wakacheka. Nilicheka nao, nikaacha kabla yao. Jogoo alipowika hukusema kitu, na safari hii Mzee Chediel alikuwepo.

Halafu kule ziwani, asubuhi, Petro anatoka majini ameloa na Yesu amekwisha kuwasha moto. Nilijua andiko, nilikuwa nasubiri Yesu amwulize kama anampenda. Ukamwuliza, lakini si kwanza. Kwanza ulisema yale tunayomwambia mtu wa nyumbani aliyerudi kutoka mbali, kabla hajaeleza lolote: umefika, nawa mikono, ule. Hukunitazama uliposema. Nashukuru kwa hilo, maana nisingeweza kuvumilia.

Baraza limekufungulia, hujatengwa tena. Karatasi italetwa na Mchungaji Godfrey. Ameiandika katibu mpya, na mwandiko wake unatisha. Tena wale vijana wa sokoni, ambao sasa ni wanaume wenye watoto, wamemwuliza Mchungaji filamu nyingine ni lini. Yeye anaweza kukueleza.

Kuhusu Jumapili. Mlikaa benchi la mwisho karibu na mlango, kama watu wenye safari. Walipoita watu kwenye meza ya Bwana hukusimama. Sitakuuliza. Utakuja siku utakayokuja, au hutakuja. Mimi nilitoka kwenye mstari wangu wa mbele nikaja kukaa nanyi, na nilipokaa tu nikaona ubaya wake, kwa sababu kutoka pale uso wa Mchungaji ni mdogo kama punje ya mtama. Nilikubali kuyakosa mahubiri.

Ndipo ukachomoa daftari la Dina ukaanza kuniandikia anachosema, kwa Kinyiramba, sentensi kwa sentensi. Daftari umelisahau hapa, na sina haraka ya kulirudisha. Mahubiri yenyewe yalikuwa mazuri, ingawa nadhani mengine umeyaongeza wewe. Katikati ya ukurasa wa pili umeandika: "Hapa Mchungaji amesahau alichotaka kusema. Anatafuta."

Nilicheka. Kwa kuwa sijisikii, nadhani nilicheka kwa nguvu, maana kanisa zima liligeuka kututazama, na Mchungaji mwenyewe akashika mimbari akacheka. Dina alijifunika uso na kanga. Wewe peke yako hukuinua kichwa. Umeandika chini yake, kwa mkono uliotulia: "Amekumbuka. Tunaendelea."

Mwalimu wako,
Dorkas